Mtu wa Nyumba

Kampuni ya simu ilihamia Baraka kwa sababu ziwa liliingia ofisini kwake Uvira. Ndivyo tulivyoambiwa, na hatukuwa na sababu ya kubisha, maana maji yalikuwa yamepanda kila mahali. Hata huku kwetu watu waliozoea kuanika ndagala, dagaa wetu, kwenye mchanga walijikuta hawana mchanga. Mji mzima ulicheka. Wamekimbia ziwa Uvira, wamekuja kujificha Baraka, na ziwa ni lilelile. Lakini kampuni ilikuwa na akili yake. Haikutafuta nyumba za ufukweni. Ilipanda juu kidogo, upande wa barabara kubwa, ikitafuta kiwanja kipana chenye nyumba ya matofali ya kuchoma. Hapo ndipo ilipofika kwetu.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba. Aliyeishi ndani yake ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mjane, aliyewazika wazazi wangu na kutulea sisi watoto. Mimi nilikuwa mpita njia. Nikirudi kutoka Ubwari au Kalemie nililala chumba cha nyuma, nikala, nikamsimulia niliyoyaona, na baada ya siku chache miguu ikaanza kuwasha. Shule niliiacha mapema, mwaka wa pili wa sekondari. Sikuchukia kujifunza. Nilichoka na mwalimu ambaye alikubali swali moja tu, kisha akataka yeye ndiye aulize yote yaliyobaki. Watu wa boti walinijibu. Mafundi wa pikipiki walinijibu. Akina mama wanaokamua mawese kule Lweba walinijibu mpaka wakachoka, wakanipa mwiko nikoroge ili ninyamaze.

Kampuni ilipotuma mtu wake kuuliza nyumba, ndugu zangu wawili walikuja haraka: kaka yangu ambaye ni mwalimu Uvira, na dada yangu aliyeolewa Bukavu. Wao walitaka ipangishwe. Baraka kupangisha si jambo geni. Miaka ambayo mashirika ya misaada yalikuwa mengi, familia nyingi zilihamia kibanda cha nyuma na kuwaachia wageni nyumba ya mbele. Tofauti ni kwamba kampuni haikutaka majirani wa nyuma. Ilitaka kiwanja chote, kitupu.

Shangazi alikataa, na kila mmoja wetu alijua kwa nini. Wakati wa vita familia ilivuka ziwa kwenda upande wa Kigoma. Mimi nilizaliwa huko, kambini. Waliporudi, walikuta watu wengine ndani ya nyumba, wametundika mapazia yao, mbuzi wao wamefungwa kwenye mpera wa baba. Ilichukua miaka ya kwenda kwa shefu wa eneo, kwa wazee, mahakamani, kurudi kwa shefu tena. Baba alifariki kesi ikiwa bado haijaisha. Shangazi ndiye aliyeishinda. Tangu siku hiyo hakuwahi kuiacha nyumba peke yake hata kwa misa. Akienda kanisani alimweka mtu kizingitini, hata kama ni mtoto wa jirani, akae tu.

"Nyumba yenye haina mwenyewe ndani," alituambia, "inajitafutia mwenyewe mwingine."

Mwishowe alikubali, kwa sharti moja. Sentinele wa mlango, yaani mlinzi, awe mtoto wa nyumba hii, muda wote kampuni itakaokaa. Tuliogopa kampuni ingekataa. Haikukataa hata kidogo. Iliandika kwenye kontra ya kupangisha kwamba familia ndiyo itakayotoa mlinzi, na mlinzi akikosekana kontra imevunjika. Shangazi aliridhika sana. Alidhani amefunga mbuzi wa kampuni kwenye kamba yake.

Kisha wote wakanigeukia. Kaka alikuwa na darasa lake, dada alikuwa na mume wake. Mimi nilikuwa na begi.

"Weye hauna bibi, hauna shamba, hauna kazi," kaka aliniambia kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema. "Mungu alikuweka pembeni kwa ajili ya hii."

Nilikubali. Sikukubali kwa utii. Nilitaka kuona kampuni kubwa inafanya nini mchana kutwa. Nilijiambia nitakaa mpaka kiangazi, nikishaelewa nitaondoka, na binamu yangu ambaye tungepokezana zamu angebaki. Shangazi alihamia chumba cha kupanga karibu na soko, akachukua vyombo vyake na kuacha mpera.

Kwanza walijenga ukuta. Watu wa kwetu hawana mazoea ya ukuta. Tulikuwa na ua wa majani uliokatika hapa na pale, na bamama waliokuwa wakiteremka ziwani na mabeseni yao walikatisha humo humo, kati ya jiko na mpera, wakisalimia bila kusimama. Wakirudi na ndagala, walitupa kiganja kimoja kwenye ungo wa shangazi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Ukuta ulipofika juu ya kichwa cha mtu na kuwekewa waya wenye meno, walisimama na mabeseni yao wakiutazama. Mmoja wao aliniona nimevaa sare.

"Sasa tupitie wapi," aliniuliza, "mu tumbo yako?"

Wenzake walicheka, kisha wakazunguka kwa barabara. Wamezunguka mpaka leo.

Baada yao walikuja vijana wenye diplome. Mji ulikuwa umeamini kwamba kampuni inakuja na kazi, na kumbe ilikuja na watu wake wote, kuanzia mhasibu mpaka mpishi. Kazi yangu ikawa kuwaambia watu niliosoma nao kwamba hakuna nafasi. Walinisikiliza vizuri, kisha wakaniuliza yangu iko wapi, ile diplome iliyonipa kofia.

Miezi ya kwanza sikuchoka. Nilimuuliza fundi wa mnara namna sauti inavyotoka kwenye mdomo wa mtu Baraka ikatokea Kinshasa, naye akanichorea kwa kijiti chini ya mpera. Nilijifunza Lingala ya madereva. Nilijua kila mfanyakazi kwa viatu vyake kabla sijamwona. Nilijua jenereta itazima lini kwa kusikiliza inavyokohoa. Kisha siku moja nikagundua sina swali jipya. Niliangalia kiwanja kutoka ukuta mpaka ukuta, na kila kitu kilikuwa kimekwisha kunijibu.

Wakati huohuo binamu yangu aliondoka. Alienda Misisi kwenye dhahabu, akatuma salamu kwamba hatarudi karibuni. Nilibaki peke yangu mlangoni. Nililala kwenye kibanda cha mlinzi, nikaoga nyuma ya tangi la maji, nikanunua vitu kwa kupitia tundu la geti. Nilimwendea mkubwa wa ofisi kuomba aniongezee mtu. Alikuwa mtu wa Kinshasa, mpole, mwenye tabia ya kukunja mikono ya shati kabla ya kusema jambo baya. Alikunja mikono. Alisema yeye angependa, lakini kontra imesema mlinzi ni wa familia, na maneno hayo yaliombwa na sisi wenyewe. Familia ikishindwa, kampuni itahamia kiwanja kingine, na viwanja vinavyoombwa kupangishwa Baraka ni vingi. Hakunitisha. Alinieleza tu, kama mtu anayeeleza mvua.

Nikajua hesabu ilivyokaa. Nikiondoka, kodi ya kampuni inakatika, watoto wa dada yangu wanatoka shule, shangazi anatoka kwenye chumba chake, na kila mtu atajua ni miguu ya nani iliyofanya hivyo.

Yule mkubwa naye hakuwa huru. Sheria za usalama zilimkataza kutembea kwa miguu. Asubuhi gari la jipu lilimleta kutoka anakolala, jioni likamrudisha. Saa za kupumzika alisimama barazani akitazama ziwa juu ya ukuta. Aliniuliza vilima vile vya bluu ni kisiwa gani. Nikamwambia ni Ubwari, si kisiwa, ni kama ulimi wa nchi ulioingia majini, na mtu anaweza kufika kwa miguu akiwa na siku za kutosha. Aliuliza kuna nini huko. Nikaanza kumweleza njia, vijiji, namna wanavyovua kwa taa, mwanamke mmoja anayepika samaki wa mukeke kwa mawese na ndimu. Nilipokuwa nasema nikajisikia naongea kama mzee anayesimulia enzi zake. Nikasema geti linaita.

Kulikuwa na mama mmoja Mrundi aliyekuja kuuza mboga za lengalenga, mkimbizi kutoka kambi iliyo upande wa Lweba. Alilima kashamba kadogo huko na kuleta mboga soko la Baraka. Siku moja aliniuliza kwa nini hanioni sokoni kamwe. Nikamwambia siruhusiwi kutoka. Alishangaa, akatoa karatasi yake ya ruhusa ya kutoka kambini, iliyokunjwa vizuri, akanionyesha mhuri. Akataka kuona yangu. Nilimwonyesha badji, kitambulisho changu cha kazi kilichoning'inia kifuani. Aliitazama mbele na nyuma.

"Hii ni ya kuingia," alisema. "Ya kutoka iko wapi?"

Nikanunua lengalenga zote alizokuwa nazo, bila kuwa na sufuria ya kuzipikia.

Halafu akaja rafiki yangu, ambaye ni mtu wa boti. Yeye na mimi tumewahi kusafiri pamoja mara nyingi, yeye akiendesha mashine, mimi nikimwaga maji yaliyoingia na kumuuliza maswali. Alikuja mpaka kwenye tundu la geti akanipa habari. Boti yao ilikuwa inapakia mawese na unga wa muhogo. Itazunguka ncha ya Ubwari, ishuke Kalemie, ishuke Moba, na safari hii mwenye boti anataka kwenda mpaka Mpulungu, upande wa Zambia. Wanaondoka siku ya soko, asubuhi. Nafasi yangu ipo.

Mpulungu sikuwahi kufika. Nilikuwa nimesikia kwamba ziwa linaishia huko, na tangu utotoni nilitaka kuona mahali ziwa linapoishia, maana huku kwetu halina mwisho. Usiku huo na uliofuata sikulala vizuri. Nilituma mtu wa pikipiki kwa shangazi, aje.

Juma hilohilo ilikuwa imetoka amri mpya. Mkuu wa usalama alikuja kutoka Bukavu kukagua, akakuta watu wanaingia kwa kusalimiana tu. Akaagiza kwamba asiingie mgeni bila kalata ya utambulisho na bila kusema anamwona nani na kwa shida gani. Alikuwa amekaa barazani akiangalia kama nimeelewa.

Shangazi alifika na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Alisukuma geti kwa bega, kama alivyozoea kusukuma mlango wake. Nikalishika kwa ndani.

"Shangazi," nikasema, "wanaomba kalata."

"Nani anaomba?"

"Kampuni."

"Mi naona weye."

Nyuma yangu nilisikia kiti cha barazani kikilia. Shangazi alinitazama kupitia lile tundu, jicho moja, kisha jicho likaondoka. Nilidhani amekwenda. Kumbe ameketi chini, nje, mgongo kwenye bati la geti. Nami nikaketi ndani, mgongo kwenye bati hilohilo, na tukaongea hivyo bila kuonana.

Nilimwambia kuhusu boti. Nilimwambia kwamba siombi kuacha kazi, naomba apatikane mtu wa ukoo anishikie nafasi. Alinitajia mmoja mmoja wale ambao wangeweza, na sababu za kila mmoja kutoweza, na kila sababu nilikuwa naijua. Alisema safari ni kitu cha mtu mwenye mahali pa kurudi. Nikasema mtu asiyetoka hana anachorudia. Akasema hayo ni maneno ya boti. Kisha nikasikia anafungua na kufunga kitambaa cha sufuria.

"Kule kambini," alisema, "ulikuwa unalia ukiona lori inatoka. Si kwa kuogopa. Ulitaka kupanda. Nilikufunga na kitenge ku mugongo ndiyo unyamaze."

Nikasema sikumbuki.

"Mi nakumbuka. Ulikuwa unanipiga na miguu." Akauliza: "Boti inatoka siku gani?"

"Siku ya soko."

Alisimama, akaenda na sufuria yake, bado imejaa. Nikajua nimemkasirisha. Siku zilizofuata hakutuma neno, na mimi nikaanza kujizoeza kutoisikia mashine ya boti.

Siku ya soko, mapema, jua ndiyo kwanza linatoka, mtu aligonga geti. Nilifungua tundu. Shangazi alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili. Chini ya kwapa alikuwa na mkeka, mkononi kigoda, na shingoni alikuwa amening'iniza kalata yake ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, kifuani, kama badji.

"Fungua," alisema. "Nimekuya kazi."

Nilimwambia haiwezekani. Aliniambia hakuja kuongea na sentinele, amekuja kuongea na shefu wake, na akaketi kwenye kigoda katikati ya njia ya jipu. Jipu lilipokuja halikuwa na mahali pa kupita. Mkubwa wa ofisi alishuka, na mkuu wa usalama akashuka nyuma yake. Shangazi aliwasalimu vizuri, akauliza kontra inasema nani akae mlangoni.

"Muntu wa familia, mama," mkubwa alijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mi siko muntu? Ao siko wa familia?"

Mkubwa alikunja mikono ya shati, akaikunjua. Mkuu wa usalama alisema kwa Kifaransa, nami nikatafsiri, kwamba mama huyu ni mzee, mwizi akija atafanya nini. Shangazi akauliza mimi nimekamata wezi wangapi. Nikalazimika kutafsiri hilo pia, na jibu lake, kwamba sijakamata hata mmoja. Dereva alicheka mpaka akaegemea usukani.

"Mwambie hivi," shangazi aliniambia, bila kunitazama. "Mi nilitosha bantu inje ya hii nyumba, bantu na mbuzi zabo. Mwizi mumoja atanifanya nini?"

Sikuhitaji kutafsiri. Mkubwa alikuwa ameelewa. Alimwangalia mkuu wa usalama, akaangalia ziwa, akasema tujaribu. Nilivua kofia na badji na filimbi nikampa shangazi. Kofia ilimwingia mpaka masikioni, ikabidi aivae juu ya kilemba.

"Enda," alisema. "Usiniangalie."

Nilienda. Kilichonishangaza njiani ni kelele. Nilikuwa nimesahau kwamba pikipiki za Baraka zinapiga honi zote kwa pamoja, na kwamba watu wanaweza kukukanyaga. Watu wa boti walikuwa wamewasha mashine. Rafiki yangu aliuliza nani amebaki mlangoni. Nilimwambia. Alitema mate majini, akasema tupande.

Kalemie tulikaa kidogo, Moba tukakaa zaidi, maana mashine iliharibika na spea ilikuwa mbali. Nilipata kazi ya kubeba mizigo bandarini nikisubiri. Nilimpigia shangazi kila nilipopata salio. Alikuwa na furaha, au alikuwa na sauti ya furaha. Mkubwa anakula sombe yake, yaani kisamvu. Mkuu wa usalama amerudi Bukavu. Wenzake wa kanisa wanakuja kusali nje ya geti, yeye anaitikia kwa ndani. Vijana wenye diplome anawakaripia kwanza, kisha anawapa maji. Kuhusu nyumba hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kila simu nilimaliza nikiwa mwepesi, na kila simu wepesi huo uliisha mapema kuliko wa simu iliyotangulia.

Kisha akaniambia kwamba mdogo wake wa Swima amefariki. Yule wa mwisho, aliyekuwa anauza samaki wa kukaushwa. Wameshamzika. Yeye hakwenda kuzika, hakukuwa na mtu wa kumshikia mlango. Kaka yangu alikuwa na mitihani ya wanafunzi, dada yangu alikuwa na mtoto mgonjwa. Sasa wanangoja siku ya kuanua matanga, na ukoo wote utakuwepo.

Shangazi yangu alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kukosa matanga kati ya Swima na Fizi. Watu walimngoja yeye ndipo waanze kulia. Nilingoja aniombe. Hakuniomba. Aliniuliza kama mukeke wa Moba ni mnono kama wetu. Nikamwambia ni mnono. Akasema vizuri, jipu limefika, akakata.

Mashine ya boti yetu ilikuwa imepona. Rafiki yangu alisema kesho tunashuka Mpulungu. Nilimwambia atangulie. Aliangalia miguu yangu, kisha uso, akanipa biskuti za njiani. Nilipanda boti nyingine iliyokuwa inapandisha kaskazini na chumvi. Nilijiambia ni kwa siku za matanga tu. Karibu kila aliyekuwa ndani ya boti ile alikuwa anaenda mahali kwa siku chache tu.

Nilifika getini adhuhuri. Shangazi alinifungulia, akanitazama kwanza kama mgeni, mkono wake ukiwa mbele kungoja kalata. Kisha akaanza kukunja mkeka. Mzigo wake ulikuwa tayari umefungwa, uko nyuma ya mlango wa kibanda. Sijui ulikuwa hapo tangu lini. Hakunishukuru, na sikutaka anishukuru. Alinivalisha badji yeye mwenyewe, akainyoosha kifuani, akatoka. Barabarani alisimamisha pikipiki, akapanda upande upande na mzigo wake mapajani, wakaondoka kuelekea kaskazini.

Matanga ya Swima yameisha. Tangu yaishe, shangazi amenipigia kutoka Swima kwenyewe, akisema ameombwa akae kidogo na watoto wa marehemu. Kisha alinipigia akiwa Lweba. Nikasikia nyuma yake wanawake wanacheka na kitu kinachemka. Alikuwa amepita kuwaona wale bamama wa mawese. Wamemwambia habari zangu za zamani, amecheka sana. Alisema kuna boti inayovuka kwenda Ubwari siku ya soko, na yeye, kwa umri wake wote, Ubwari ameiona kwa mbali tu.

Nilimwambia njia ya kushukia, na nyumba ya yule mwanamke anayepika mukeke kwa ndimu. Sikumuuliza anarudi lini.